Meli Inayopita Tu

Hotuba mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na vijana wa mafunzo ya ubaharia, Mombasa, Siku ya Bahari Duniani

Wazee wangu wa BMU, vikundi vyetu vya kusimamia ufuo, mama zetu wa samaki, na nyinyi vijana mnaosomea ubaharia, asalaam aleikum. Na wote kwa jumla, hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya meli na madhara yake baharini. Mimi nimefanya kazi melini miaka 22, na yote nimeimaliza chini, kwenye chumba cha injini. Kwa hiyo haya nitakayosema ni ya mtu aliyeshika kitambaa cha mafuta mkononi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtoto wa mkono huu wa bahari, Makupa.

Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka hapa karibu na bandari, na tani zipatazo 5,000 zikashuka Makupa. Nilikuwa na miaka 10. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitupeleka huko maji yakipwa, tunatafuta kaa na chaza. Siku ile tulifika tukakuta matope yanang'aa. Kaa walikuwa wametoka mashimoni, wamekaa juu ya mizizi hawakimbii. Mtoto hufurahi akiona kaa asiyekimbia. Mama ndiye aliyetushika mikono akaturudisha nyumbani.

Wazee mnaoijua mikoko mnajua mchu unavyopumua. Una vile vijiti vinavyochomoza matopeni kama kalamu, na ndivyo pua zake. Mafuta yakivifunika, mti haufi siku hiyo. Majani yanaanza kuwa ya manjano, yanapukutika, na baada ya miezi unabaki na fito zilizosimama. Tope la mikoko halina hewa, basi mafuta yakishaingia humo hukaa. Miaka mingi baadaye, nikiwa kijana wa kunyoa ndevu, ukichimba kwa mguu harufu ilikuwa bado ipo. Halafu mwaka 2005, mimi nikiwa mbali baharini, meli iliyoleta mafuta ghafi ilitoboka bandarini hapa hapa, na safari hii mikoko ya upande wa Port Reitz ndiyo iliyopata.

Hayo mengi wenu mnayajua. Nimeyataja kwa sababu tukisikia uchafuzi wa meli, akili yetu huenda kwa meli ya mafuta iliyokuja kwetu. Tunaitazama bandari. Leo naomba tutazame nje zaidi, kule upeoni, ambako usiku mnaona taa zinapita hazisimami. Meli ile haina mzigo wetu. Haituletei mchele wala haichukui chai. Inapita tu. Hiyo ndiyo niliyokuja kuizungumzia.

Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa kisiwa cha Morisi. Urefu wake ulikuwa karibu mita 300. Wenyewe Wajapani, bendera ya Panama, nahodha Mhindi. Inatoka China inakwenda Brazil, na tumbo lake lilikuwa tupu, haina shehena hata kilo moja. Morisi haikuwa kwenye safari yake. Mafuta iliyokuwa nayo yalikuwa ya kuendeshea injini zake mwenyewe, nayo yalikaribia tani 4,000. Naomba hilo mlishike, vijana: meli ya nafaka, meli ya magari, meli ya makontena, kila moja ina matangi ya mafuta tumboni. Hakuna haja ya kuwa meli ya mafuta ili iue ufuo.

Ilifikaje mwambani usiku, hali bahari ile ni pana? Uchunguzi ulionyesha kwamba mpango wa kwanza ulikuwa kupita maili 22 kutoka kisiwani. Wakaubadilisha, wakaisogeza mpaka maili 5, na mwisho karibu zaidi, ili simu za mabaharia zishike mtandao wa nchi kavu.

Mtu wa nchi kavu akisikia hivyo hushangaa. Mimi sikushangaa. Mtoto wangu wa pili alizaliwa nikiwa baharini, na sauti yake niliisikia siku ya arobaini, tena kwa dakika tatu. Na mwaka ule 2020 ulikuwa mwaka wa korona. Nchi zilifunga bandari kwa mabaharia, na kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba imekwisha, hawana ruhusa ya kushuka. Nahodha na afisa wake wa kwanza walihukumiwa mahakamani Morisi mwaka 2021, na kosa lilikuwa lao, sitawatetea. Lakini ukipiga hesabu ya gharama za meli, mpweke aliyemo ndani umtie kwenye hesabu. Anayeinyima meli watu wa kutosha na kuwanyima watu wake simu ya nyumbani anaweka hatari kwenye ufuo wa mtu mwingine.

Kwa siku 12 meli ilikaa mwambani, mawimbi ya kusi yanaipiga. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kutoka. Takriban tani 1,000 ziliingia katika maji yaliyo ndani ya mwamba ule, karibu na hifadhi ya Blue Bay na kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, penye mikoko na matumbawe ambayo wavuvi wa Mahébourg waliyategemea. Serikali iliwaambia raia waiachie kazi mamlaka. Raia hawakungoja. Waliingia mashambani wakabeba majani makavu ya miwa, wakashona magunia marefu ya vitambaa, wakayajaza, wakafungia chupa tupu za plastiki ili yaelee, wakayanyoosha majini kuzuia mafuta. Watu walikata nywele zao wakazitoa, kwa kuwa nywele hunasa mafuta. Kina mama walitoa soksi za nailoni. Vijana walisimama majini mpaka kifuani, miili myeusi tititi.

Katikati ya Agosti meli ikakatika vipande viwili. Mwisho wa mwezi huo tagi iliyokuwa ikikokota tishali la kazi ile ilizama usiku, na mabaharia wakafa. Hao ni watu wa Morisi, waliofia meli ambayo haikuwa na chochote cha Morisi.

Sasa swali la mvuvi: nani alilipa? Hapa ndipo pagumu, na naomba mniwie radhi nikienda polepole. Ipo mifuko ya kimataifa ya fidia, lakini ile mikubwa iliwekwa kwa ajili ya mafuta yanayobebwa kama shehena na meli za mafuta. Wakashio haikuwa meli ya mafuta, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa. Uliobaki ni mkataba wa mwaka 2001 unaohusu mafuta ya injini, unaomlazimisha mwenye meli kuwa na bima. Lakini sheria ya bahari humpa mwenye meli haki ya kuweka kikomo cha anacholipa, na kikomo hicho hukadiriwa kwa ukubwa wa meli yake. Ukubwa wa hasara yako hauingii katika hesabu hiyo. Tena kikomo chenyewe kinategemea nchi yako imetia saini waraka upi. Kuna wa mwaka 1976, na kuna wa mwaka 1996 ulioongeza viwango mara kadhaa. Japani ilikuwa kwenye ule mpya. Morisi, mwenye kuumia, alikuwa bado kwenye ule wa zamani.

Karatasi ambayo mtu hakuitia saini ofisini inageuka kuwa nyavu ambazo mvuvi hatazinunua. Nikikutana na mheshimiwa yeyote anayeomba kura Pwani, nitamuuliza hilo: nchi yetu imefungwa na karatasi ipi? Nanyi muulizeni.

Niruhusuni nirudi chini, kwenye chumba cha injini, kwa sababu ajali kama ya Wakashio ni chache, na madhara mengine hutokea meli ikiwa nzima na safari njema.

Mababu zetu majahazini walikuwa na kazi ya kufua ngama. Chombo chochote huvuja, na maji hukusanyika chini. Ngama ya meli ya leo ni maji, mafuta ya injini, dizeli na sabuni, vyote pamoja. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli, unasema maji hayo lazima yapite kwenye mtambo wa kutenganisha, na yanayotoka yasizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni. Tope linalobaki linawekwa kwenye tangi, likabidhiwe bandarini kwa malipo, na kila hatua iandikwe kwenye Daftari la Mafuta.

Mwaka wangu wa tatu melini, usiku mmoja tukiwa kaskazini mwa Rasi Delgado, mkuu wa injini alituamuru tufunge bomba la mpira kupitia kando ya mtambo. Vijana, jina la meli ile sitalitaja, msiniulize. Mimi nilishika tochi. Bomba lilinguruma mpaka karibu na alfajiri. Kisha likafunguliwa, likakunjwa, likafichwa nyuma ya vipuri, na daftari likaandikwa kwamba mtambo umefanya kazi vizuri. Nilipanda juu kupunga hewa, nikaona nyuma ya shetri utando umelala majini, una rangi kama za upinde wa mvua. Kule mkondo huelekea kaskazini mwaka mzima. Ule utando ulikuwa safarini kwenda Mtwara, Mafia, Unguja, na yasiyotawanyika huja mpaka huku. Yale madonge meusi mnayoyakanyaga ufukweni asubuhi, yanayogoma kutoka unyayoni mpaka mfute kwa mafuta ya taa, mengine yanatoka kwenye mabomba kama lile.

Sikusema kwa mtu. Nilikuwa na mkataba wa miezi tisa na nyumbani wananingoja. Mwaka 2013 mhandisi kijana wa meli ya watalii iitwayo Caribbean Princess aligundua bomba la namna hiyo hiyo. Alishuka Southampton, akaacha kazi, akaripoti. Mwaka 2016 kampuni ya Princess ilikubali makosa nchini Marekani na faini ya dola milioni 40. Vijana mnaokwenda melini, mkiona bomba lililofichwa nyuma ya vipuri, mkumbukeni yule mhandisi.

Kuna na farumi. Jahazi likirudi tupu lilitiwa mawe ili lisipinduke. Meli ya leo hutia maji ya bahari, maelfu ya tani, huyavuta bandari moja na kuyamwaga nyingine. Ndani yake mna mayai, vifaranga vya viumbe, mwani, vijidudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwavi wa baharini, yule laini anayefanana na kipande cha uji ulioganda, alifika Bahari Nyeusi kutoka pwani ya Amerika ndani ya maji ya namna hiyo. Alikula mayai na chakula cha dagaa, na kufikia mwisho wa muongo uvuvi wa dagaa kule ulikuwa umeporomoka. Mkataba wa kusafisha maji ya farumi ulitungwa 2004, ukaanza kufanya kazi 2017. Miaka 13 ya kusubiri saini.

Kuhusu moshi nitasema machache, ila nayasema kwa uzito. Meli kubwa nyingi huchoma mafuta mazito, masalia ya kiwanda cha kusafishia, mazito hata lazima yapashwe moto ndipo yatiririke. Nimeyapasha mimi kwa mikono hii. Tangu Januari 2020 kiwango cha salfa kimeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na watu wanaoishi karibu na bandari wamepata nafuu ya kifua. Lakini meli nyingine, badala ya kununua mafuta safi, zimefunga mitambo ya kuosha moshi, na mingi kati ya hiyo hurudisha maji ya kuoshea baharini. Salfa imetolewa hewani ikashushwa kwa samaki.

Halafu hewa ya kaboni. Meli za dunia hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zote zinazoongeza joto, na mwaka 2018 zilifika takriban tani bilioni moja. Mnaokumbuka mwaka 1998 mnajua joto la bahari hufanya nini: matumbawe yaligeuka meupe pwani hii nzima, na sehemu nyingi yakafa. Aprili 2025 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zilikubaliana juu ya utaratibu wa kuzitoza meli kubwa zinazozidisha gesi, na sehemu ya fedha zisaidie nchi zinazoumia. Oktoba ya mwaka huo zikakutana London kuupitisha rasmi. Marekani iliupinga kwa nguvu, ikazitishia nchi zitakazouunga mkono. Kura zikapigwa, 57 kwa 49, jambo likaahirishwa mwaka mzima. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilizima redio nikaenda kukaa uani.

Nasikitika zaidi kwa sababu dawa zipo. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10, safari ile ile hutumia mafuta pungufu kwa karibu asilimia 20. Mtu wa injini yeyote atawaambia. Na tanga limerudi! Mwaka 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean ilifungwa matanga mawili magumu ya chuma na nyuzi, kila moja mita 37.5 kwenda juu, ikatoka China kwenda Brazil, njia ile ile ya Wakashio. Sisi watu wa kaskazi na kusi, ambao babu zetu walikwenda Maskati na kurudi kwa upepo mtupu, hili la upepo tulipaswa tuwe wasemaji wake wakubwa London.

Wako watakaosema: kuna sheria, basi ibanwe nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Bendera hununuliwa. Meli nyingi za dunia zimeandikishwa Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall, ambako mwenyewe hajawahi kuishi. Hata bendera ya jirani zetu Tanzania iliwahi kutumiwa hivyo, mpaka Januari 2018 Rais Magufuli akasimamisha uandikishaji wa meli za kigeni, baada ya meli zilizopeperusha bendera hiyo kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Wenye meli wanaijua mipaka ya kila nchi kuliko wananchi wake.

Lakini Sri Lanka wametuonyesha kitu. Mei 2021 meli ya makontena, X-Press Pearl, iliwaka moto karibu na Colombo. Kontena moja la asidi lilikuwa likivuja tangu safarini, na bandari mbili, moja Qatar na moja India, zilikataa kulishusha. Ilizama mwanzoni mwa Juni, na tani zipatazo 1,680 za punje nyeupe za plastiki, ndogo kama dengu, zikafunika fukwe. Uvuvi ukapigwa marufuku. Watetezi wa mazingira, viongozi wa dini na wavuvi wakaenda mahakamani, na Julai 2025 Mahakama ya Juu ikaamuru wahusika wa meli wailipe serikali ya Sri Lanka dola bilioni moja. Kulipwa ni safari nyingine, ndugu zetu wa Lamu wanaijua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na wengine walizeeka wakingoja. Lakini hukumu ipo, na ilipatikana kwa sababu watu waliweza kuonyesha walichokuwa nacho.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Siku meli inayopita itakapokuja mwambani kwetu, wakili wa bima atashuka kwenye ndege akiwa na swali moja: kabla ya mafuta, palikuwa na nini hapa? Mikoko mingapi? Tasi na changu kilo ngapi kwa siku? Kaa wangapi kwa shimo? Morisi watu wengi walioishi kwa bahari walitakiwa wathibitishe pato ambalo hawakuwahi kuliandika popote. Mamangu aliokota chaza Makupa maisha yake yote, na hakuna mstari mmoja ulioandikwa mahali kwamba zilikuwepo.

Basi mimi na wenzangu wa BMU tumenunua madaftari 40. Kila chombo kitapewa moja, na kila mama mwenye meza ya samaki moja. Andikeni tarehe, mahali, aina ya samaki, kilo na bei. Vijana wa ubaharia watatusaidia kupima mikoko ya Port Reitz, tukianza kesho kutwa. Ni bamvua, maji yatakuwa yamepwa saa nne asubuhi, tukutane gatini saa tatu. Njooni na viatu vya mpira na kamba ya kupimia. Na mje na penseli, kalamu ya wino ikilowa chumvi maandishi yote yanafutika.